Ni Wapi Palipokatika?

Masomo ya wiki: Nehemia 2:11–18, Ayubu 2:11–13, Yohana 9:1–3

Nehemia alifika Yerusalemu akakaa siku tatu bila kutangaza lolote. Kisha akaondoka usiku na watu wachache, bila mnyama mwingine ila yule aliyempanda, akatokea Lango la Bondeni na kuelekea Lango la Jaa, akiangalia kuta zilivyobomoka na malango yalivyoteketea. Alipofika Lango la Chemchemi na Birika la Mfalme, mnyama akakosa pa kupita. Hakurudi kulala. Alipanda kwa kufuata kijito gizani, macho yakiwa kwenye ukuta, na wakuu wa mji hawakujua alikokuwa.

Tukumbuke kwamba mtu huyu alikuwa na barua za mfalme Artashasta, alikuwa na askari wa kumsindikiza, na alikuwa na kibali cha kupewa mbao kutoka msitu wa mfalme. Angeweza kuitisha baraza siku ya kwanza na kuuliza ni nani aliyeuacha mji ukafikia hali ile, na majina hayangekosekana. Yeye alikwenda kutazama ni wapi palipobomoka, sehemu moja baada ya nyingine. Watu aliwaita baadaye, akiwa tayari anakijua kifusi kilipo.

Nimekaa na mistari hiyo kwa sababu ya yaliyotokea katika nyumba moja hapa Kamenu, Thika. Wenye nyumba wameniruhusu niyasimulie mradi nisiwataje.

Sebuleni kwao kuna kompyuta ya mezani. Binti mkubwa huitumia kwa kazi: anasikiliza mahojiano yaliyorekodiwa na kuyaandika neno kwa neno, kisha anayatuma kwa mteja aliye ng'ambo. Mdogo wake, kijana anayesoma chuo, hupakia kazi zake za darasa kupitia hapohapo. Ruta iko karibu na mlango, pale waya wa faiba unapoingia kutoka kwenye mlingoti wa nje, na kutoka kwenye ruta waya mwingine wa kawaida hupita nyuma ya kabati mpaka kwenye kompyuta. Waliuchagua waya badala ya waifai kwa sababu kazi ya binti haitaki kukatikakatika.

Jumatatu asubuhi kompyuta haikupata intaneti, na binti alitakiwa kutuma kazi kabla ya jioni. Baba alisema kijana amepakua michezo na kuingiza virusi. Kijana akasema kampuni ndiyo imezima, maana ndiyo tabia yao. Mama alimshuku mpangaji wa juu, ambaye siku chache kabla alikuwa ameletewa fundi aliyepanda ngazi akishikashika nyaya. Keateka, msimamizi wa jengo, akapigiwa simu, naye akamtupia lawama mwenye jengo. Katikati ya hayo kijana alijaribu kila alichowahi kusikia: aliizima ruta, akabadilisha mipangilio ya kompyuta, akaondoa programu ya kuzuia virusi, akabadilisha tena mipangilio. Ikawa jioni. Binti alienda kumalizia kazi saiba, na nyumbani watu wakala chakula bila kutazamana.

Nilipita pale usiku huo kwa shughuli nyingine. Tukiwa tumeketi, simu ya mama ikaingiwa na ujumbe wa WhatsApp, kisha mwingine, kisha picha za harusi ya mpwa wake. Nikamuuliza anatumia bando gani. Akasema hana bando, anatumia waifai ya nyumbani.

Ndugu zangu, jibu la nusu ya tatizo lilikuwa mkononi mwa mama mchana kutwa. Kama simu inapata intaneti kutoka kwenye ruta ileile, basi kampuni haijazima, malipo ya mwezi hayajaisha, waya wa faiba wa nje haujakatwa, na fundi wa mpangaji wa juu hana kosa hata chembe. Palipokatika ni kuanzia ruta mpaka kompyuta yenyewe, mita chache tu za sebule. Kampuni, mpangaji na mwenye jengo walikuwa wamelaumiwa kwa mambo yaliyokuwa nje ya hizo mita chache, na hakuna aliyekuwa ameuliza swali la Nehemia.

Tulimwita kijana mmoja wa ushirika wetu anayefanya kazi hizi. Alichofanya nitakieleza taratibu, kwa sababu nimekiona kuwa ni kazi ya unyenyekevu, na kwa sababu wengi wenu mtakihitaji.

Hakugusa kibodi. Alipiga magoti na kutazama nyuma ya kompyuta, pale waya unapochomekwa. Tundu hilo kwa kawaida huwa na vitaa viwili vidogo: waya unapofika salama upande wa pili kimoja huwaka, na habari zinapopita kimoja humetameta. Vyote viwili vilikuwa giza. Akauchomoa waya na kuuchomeka tena mpaka ukalia ule mlio mdogo wa kukaza, giza. Akahamia kwenye ruta na kuutia waya katika tundu jingine, giza. Sasa alijua kwamba tundu la ruta si tatizo. Akatoa mkobani waya mfupi anaojua ni mzima, akauchomeka badala ya ule wa zamani, na taa ikawaka.

Waya mbovu tuliufuata kwa mkono mpaka nyuma ya kabati. Mguu mmoja wa kabati ulikuwa umeukalia. Ndani ya waya kama huo mna nyuzi nane za shaba, zilizosokotwa mbilimbili kuwa jozi nne, na kila jozi imesokotwa kwa namna yake ili isiingiliwe na kelele za umeme za jirani yake. Kwa kasi ya kawaida ya zamani, megabiti 100 kwa sekunde, jozi mbili zinatosha. Kwa kasi ya gigabiti lazima zote nne ziwe nzima. Fundi wetu alisema mara nyingi waya uliobanwa hufa polepole: jozi moja hukatika, kompyuta ikashuka kwenye kasi ya chini bila kumwambia mtu, na wenye nyumba wakaendelea wakidhani kila kitu ni sawa, mpaka siku jozi nyingine nayo inapoachia. Nililifikiria neno hilo njiani nikirudi. Wako kati yetu wanaokuja kila Jumapili, wanaimba, wanasalimia, na jozi mbili ndani yao zilishakatika tangu msiba uliowapata mwaka jana. Kwa kuwa bado wanafika, hatuwaulizi.

Taa ilikuwa imewaka, lakini intaneti bado haikuja. Hapo ndipo alipoketi kwenye kibodi, akafungua kile kidirisha cheusi na kuandika agizo la ipconfig, ambalo huonyesha anwani ambayo kompyuta inaitumia. Kompyuta iliyoachwa katika hali yake ya kawaida huomba anwani kutoka kwa ruta. Ikiomba bila kujibiwa, hujipa yenyewe anwani inayoanza na 169.254, na kwa anwani hiyo haiwezi kutoka nje ya nyumba. Lakini hii haikuwa na hiyo wala ile ya ruta. Ilikuwa na anwani iliyoandikwa kwa mkono, ya mtandao mwingine kabisa. Ni moja ya yale mageuzi ya asubuhi, yaliyofanywa kwa hasira na kusahauliwa. Waya mmoja ulikuwa umekatika, na katika kutafuta wa kulaumiwa wakaongeza mpasuko wa pili. Fundi wetu aliirudisha kompyuta kwenye hali ya kuomba anwani yenyewe, ikapewa.

Hata hapo hakusema imepona. Aliijaribu kwa agizo la ping. Programu hiyo iliandikwa Desemba 1983 na Mmarekani aitwaye Mike Muuss, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya jeshi la nchi yake, akiwa yeye mwenyewe anahangaika na mtandao uliokuwa ukisumbua. Kazi yake ni moja: hutuma ujumbe mfupi na kungoja jibu. Fundi wetu alianza kwa 127.0.0.1, anwani ambayo kwayo kompyuta hujiuliza yenyewe. Ikajijibu. Akauliza ruta. Ikajibu. Akauliza 8.8.8.8, kompyuta za Google zilizo mbali, nazo zikajibu. Mwisho akauliza kwa jina badala ya namba, maana ipo idara nyingine ya mtandao ambayo kazi yake ni kugeuza majina kuwa namba, nayo huweza kuugua peke yake wakati njia yote ni nzima. Ikajibu pia. Alitoka ndani kwenda nje, hatua moja kwa wakati, na kila hatua aligusa kitu kimoja tu ili ajue ni kipi kilichobadilika.

Kisha mama akasema jambo lililonishika. Kabati lilisogezwa Jumamosi ili kupata nafasi ya viti, kwa sababu ushirika wa nyumbani ulikuwa zamu yao. Baba na mwanawe walilisukuma pamoja.

Nani alitenda dhambi, basi? Kijana hakuingiza virusi, kampuni haikuzima, na mpangaji hakugusa kitu. Waya ulivunjika katika tendo la ukarimu, watu walipokuwa wakiwapisha wageni wa Bwana wapate pa kukaa. Mpasuko ulikuwepo, tena wa kweli, wa kuonekana kwa macho na kupapaswa kwa kidole, na hapakuwa na mkosaji.

Wanafunzi walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua kosa ni la nani, la kwake au la wazazi wake. Yesu aliyakataa majibu yote mawili, akatengeneza tope. Mimi naamini hapo tunafundishwa utaratibu wa mapenzi. Swali la nani, likitangulia, hugeuza kila mtu ndani ya chumba kuwa mshtakiwa au wakili. Swali la wapi huwafanya wote kuwa wakaguzi upande mmoja. Na mara nyingi zaidi kuliko tunavyotaka kukubali, tukishajua ni wapi, la nani halina tena wa kumshika.

Najua mtu atasema, Mchungaji, lakini yapo makosa ya kweli. Yapo, na siyafuniki. Nimeketi na wake waliopigwa, na vijana waliodhulumiwa mishahara yao na watu wazima wenye majina, na humo anayetakiwa kuwajibika anajulikana na lazima atajwe. Hata hivyo kumtaja kunasimama imara pale ukaguzi ulipotangulia. Nehemia mwenyewe baadaye aliwakemea wakuu na mashehe waliowatoza ndugu zao riba, tena hadharani mbele ya kusanyiko kubwa. Hakukemea kwa kukisia.

Upo upande mwingine wa jambo hili, na kwa wengine kati yenu huenda ndio muhimu zaidi. Anayeambiwa kila siku aanze na yaliyo karibu anaweza kuishia kujichimba mwenyewe bila mwisho.

Mtakumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024. Asubuhi ile, ibada zikiendelea, intaneti ilidorora Kenya, Uganda, Tanzania na nchi nyingine za ukanda huu. Mikongo miwili ya chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika katika bahari ya Afrika Kusini. Waliokuwa wakifuata ibada kwa simu kutoka vitandani hospitalini waliona picha zikiganda. Nina hakika siku ile watu wengi Thika walizima ruta na kuiwasha, wakachomoa nyaya, wakawagombeza watoto. Wala hapakuwa na waya wowote katika sebule yoyote ya Kamenu ambao ungeweza kuponya jambo lile, kwa kuwa mkongo wa baharini hutengenezwa na meli maalumu, inayokwenda mpaka pale pale ulipokatika na kuinua ncha zake kutoka chini. Februari 2012 iliwahi kutokea karibu zaidi, meli ilipoteremsha nanga nje ya bandari ya Mombasa na kuukata mkongo wa TEAMS, unaotoka Fujairah kwenye Falme za Kiarabu. Nanga ilishushwa Mombasa, na aliyeko Thika, mamia ya kilomita kutoka pwani, akaona kurasa hazifunguki.

Hapo ukaguzi wa hatua kwa hatua hufanya kazi yake ya pili, nayo ni huruma. Ukijiuliza mwenyewe ukajijibu, ukaiuliza ruta ikajibu, na kimya kikaanza nje ya nyumba, basi umeachiliwa. Weka nyaya chini. Acha kuivuruga nyumba iliyo nzima. Unaweza kupiga simu kwa kampuni na kusema kwa utulivu nini kinajibu na nini hakijibu, na fundi wa upande ule atakushukuru. Au unaweza kungoja tu.

Marafiki wa Ayubu walianza vizuri kuliko tunavyowapa sifa. Walisafiri, wakalia, wakaketi naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno. Shida ilianza walipofungua vinywa. Kila mmoja alikuja na jibu lililokwisha kuandaliwa, kwamba palipokatika ni kwako, tafuta dhambi yako, na hakuna hata mmoja aliyekagua. Ayubu naye alijikagua. Alipitia maisha yake mlango kwa mlango: jinsi alivyomtendea mtumishi wake, jinsi alivyomjali mjane, kama mgeni aliwahi kulala nje. Aliyakuta mazima. Mwishoni Mungu alisema kwamba wale watatu hawakunena yaliyo sawa, na Ayubu amenena.

Kuna mama kati yetu aliyeomba kwa miaka mingi kwa ajili ya jambo moja. Kila ninapomtembelea ananiuliza amekosea wapi. Ameungama hata vitu vya utotoni, vya kuokota mananasi yaliyoanguka kutoka kwenye lori. Amebadilisha saa ya maombi, amefunga, ameacha kufunga, amebadilisha kanisa na kurudi. Kwako, mama yangu, nasema kwa uangalifu wote nilio nao: nimekagua pamoja nawe, na taa zako zinawaka. Kimya unachokisikia hakianzii kwako. Sijui kwa nini jibu linakawia. Usiichimbue tena nyumba yako.

Turudi kwenye ile familia, maana hawakumaliza taa ilipowaka. Intaneti ilirudi ndani ya muda mfupi, lakini maneno ya mchana kutwa yalikuwa bado yapo mezani. Baba alikuwa amemwambia mwanawe kwamba tangu aingie chuo amekuwa mtu wa kuharibu. Kubadilisha waya hakukuyaondoa hayo. Nilichokiona, na namshukuru Mungu kwa kukiona, ni kwamba baba hakuondoka kwenda kulala. Alisogeza kiti karibu na kompyuta na kumwomba mwanawe amwonyeshe vile vitaa viko wapi na maana yake ni nini. Kijana akapiga magoti akamwonyesha. Wakalisogeza kabati pamoja mara ya pili, wakaupitisha waya mpya juu, kwenye kona ya ukuta, wakaubana kwa misumari midogo ya plastiki. Walifanya kazi muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Binti aliporudi kutoka saiba aliwakuta wakibishana kama waya umenyooka, na ulikuwa ubishi mzuri.

Sura ya tatu ya Nehemia wengi huiruka kwa sababu ni orodha ya majina. Isomeni wiki hii. Eliashibu kuhani mkuu na makuhani wenzake wanajenga Lango la Kondoo. Shalumu anajenga yeye na binti zake. Wakuu wa Tekoa hawataki kuinamisha shingo zao, huku watu wa kawaida wa Tekoa wakimaliza sehemu yao na kuchukua nyingine. Tena na tena, utaona mtu ametengeneza mahali panapoielekea nyumba yake mwenyewe. Ukuta mzima ulikamilika kwa siku 52.

Sisi tunaokaa kwenye ploti za Kamenu twajua jinsi nyaya za majirani zinavyopita juu ya vibaraza vyetu, na jinsi faiba ya nyumba moja inavyofungwa kwenye kamba ya nguo ya nyingine. Kama waya wa jirani unaning'inia mbele ya mlango wako, huo unaielekea nyumba yako. Usiukate kwa kuwa unakusumbua. Mwite mtazame pamoja. Na ukiona ncha ya faiba iliyokatika usiichungulie, maana mwanga unaopita humo hauonekani kwa jicho na unaweza kulidhuru. Waonyeni watoto.

Jumamosi hii saa nne asubuhi vijana watakuwa katika ukumbi wa kanisa na koleo zao za kubania vichwa vya nyaya. Watawasaidia bure wajane, wazee wanaoishi peke yao, na yeyote anayetegemea kompyuta kwa riziki. Wazazi, njooni pamoja na watoto wenu, msiwatume peke yao. Leteni waya mnaoushuku, na pia ule msioushuku, kwa sababu tutahitaji mmoja wa kulinganisha.